Kibuyu cha Kanazi, Kaburi la Kaboya

Tangu turudi, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, nami nimemjibu kila mmoja kipande. Matokeo yake Mama Juma anajua habari za mlipuko ndani ya basi, wanakwaya wanajua kwamba Deo amekunywa pombe, na hakuna anayejua lipi lilitangulia. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Msome, kisha mniache nikande unga wangu kwa amani.

Kwanza niwatoe kwenye kosa moja. Mnaomfahamu mume wangu mnadhani ni mlokole kwa sababu kwenye sherehe zote anakunywa soda. Deo si mlokole. Kwao Ngara, kwa desturi ya ukoo wao, mtoto wa kiume akishakuwa kijana baba yake humkaribisha kwenye pombe ya ndizi. Baba huvuta mrija kwanza, kisha humpa mwanawe mrija uleule, na kuanzia siku hiyo mtoto huhesabiwa mtu mzima. Sasa baba yake Deo, Petro, alikwenda kwenye Vita vya Kagera mimba ya Deo ikiwa changa, na hakurudi. Amezikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa. Baba zake wadogo walimkaribisha Deo mrija mara nyingi, naye akawa anawajibu, "Namsubiri mwenyewe." Ulianza kama utani wa mtoto mkaidi, halafu utani ukaota mizizi. Mtu ana mvi, ana binti yetu Neema chuoni, na pombe ya kwao hajawahi kuionja. Na Kaboya kwenyewe hakuwahi kwenda. Kila mwaka alisema mwaka ujao.

Safari hii mama yake alipiga simu. Alisema mikono haina nguvu tena ya kukamua ndizi, kwamba atapika mara moja ya mwisho, na kwamba Deo aende kuichukua hiyo pombe akanywe na baba yake kaburini. "Ya mwisho," alirudia. Likizo yangu nilikuwa nimeipangia Tanga, nikale samaki na kulala. Nilimtazama Deo ameshika simu iliyokwisha kukatwa, nikaona Tanga haitahama.

Morogoro hadi Ngara

Mnaodhani Dodoma ni mbali, pandeni basi la Ngara. Unalala, unaamka, unakuta bado Singida. Baada ya Kahama basi likaharibika, tukakaa kando ya barabara mpaka jua likachoka. Deo kwa ufundi wake wa umeme akaenda kuinama na dereva kwenye injini. Mimi nikabaki na jirani yangu wa kiti, mfanyabiashara wa ng'ombe, Msukuma mwenye kicheko kikubwa, aliyekuwa na chupa ya maziwa mgando. Alinikaribisha nikakataa kwa adabu, kama tunavyofundishwa, nikisubiri anikaribishe tena. Hakunikaribisha tena. Alifunga chupa yake akaniambia, "Sawa mama, nimekusikia." Tangu hapo nikajifunza kwamba huko ukipewa, pokea.

Pale Nyakanazi, kwenye njia panda, nilipokea kila kitu. Nyama ya mbuzi, ndizi za kuchoma, mahindi, hata karanga za mtu aliyekuwa anamkaribisha mwenzake. Deo hakula. Kuanzia Lusahunga, tulipoiacha barabara ya Biharamulo tukashika ya Ngara, alikuwa anatazama vilima tu. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema, "Naogopa nikifika pale nisijisikie chochote."

Nilimshika mkono tu.

Kanazi

Niseme ukweli kuhusu mimi na mama mkwe wangu. Hatujawahi kugombana, na hatujawahi kuelewana. Yeye ni Mhangaza, Kiswahili chake ni cha sokoni. Mimi ni Mluguru, Kihangaza changu kinaishia kwenye salamu. Miaka yote ya ndoa amenifanya mgeni: kaa hapo, kula, pumzika. Nikishika ufagio, ananyang'anya. Mwanamke akinyang'anywa ufagio kwa mkwewe anajua hajapokelewa bado.

Tulipofika Kanazi, kijijini kwake, nikampigia magoti, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mukazana," akajibu, ndiyo kusema mke wa mwanangu, kisha akaniwekea kigoda. Nikaapa moyoni kwamba safari hii nitafanya kazi nipende nisipende.

Kesho yake alfajiri nikaamka kabla yake. Jikoni, kwenye kona, nikaona kibuyu kikubwa cheusi, kimeganda utando mdomoni, kinanuka uchachu wa kukutoa machozi. Nikajisemea, hapa ndipo pangu. Nikachukua mchanga, majivu na maji, nikakaa uani tayari kukisugua mpaka kicheke. Sijatia hata tone, nikasikia ukelele. Mama huyo, bila fimbo yake, amekuja kama aliyeona mtoto kisimani. Akakikwapua kibuyu, akakikumbatia kifuani.

"Acha! Acha kabisa!"

Deo alitoka na shuka. Mama akasema maneno mengi kwa Kihangaza. Nikamuuliza Deo amesema nini.

"Amesema uache."

"Maneno yote yale?"

"Amesema uache sana."

Niliumia, sifichi. Nilikwenda nyuma ya migomba nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kukaa kwenye kigoda changu cha mgeni.

Siku hiyo ndugu walikamua ndizi kwa nyasi, mama akisimamia. Yale maji matamu akayamimina mwenyewe kwenye kile kibuyu kichafu, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika kwa jani la mgomba. Nilitazama nikasema kimoyomoyo, Bwana Yesu awalinde watakaokunywa.

Rusumo, kwa matembezi tu

Pombe ikiwa inachacha, Deo akataka nione maporomoko ya Rusumo, tusiseme tulikwenda likizo tukatazama kibuyu. Tulipanda gari la jamaa aliyekuwa anapeleka ndizi. Kule mpakani kumejaa malori yaliyopangwa kama yanasubiri ubatizo. Nilikuwa nimevaa miwani ya jua na kubeba mkoba, kosa kubwa. Mawakala wa kutoa mizigo forodhani wakanizunguka.

"Bosi, mzigo wako uko wapi?"

"Sina mzigo, tumekuja kuona maji."

"Maji ya chupa au ya mapipa? Tutakutolea yote leo leo."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na Deo akacheka, mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Kisha tukasogea mahali unapousikia mto Kagera ukinguruma. Akasema alipokuwa mdogo alidhani vita viliitwa hivyo kwa sababu watu walipigana na mto. Alidhani baba yake amechukuliwa na maji, na kwamba maji siku moja yatapungua.

Tulirudi Kanazi.

Ngara hadi Biharamulo, ambako nilifanya nilichofanya

Kibuyu hakifai kwenye basi, kitapasuka. Mama akahamishia pombe kwenye dumu la njano, akakivuta mwenyewe kinywaji kwa mrija mbele yetu, kwa kuwa kule anayekupa huonja kwanza. Kisha akaziba mdomo wa dumu kwa jani la mgomba lililosokotwa, akampa Deo mrija wa tete aliouchonga. Kifuniko cha dumu akanipa mimi, nikakitia kwenye mkoba.

Ndani ya basi la kuelekea Kaboya, dumu likawa miguuni kwangu. Tulipoanza kuteremka vilima, pombe ikawa inachungulia kwenye jani, tone baada ya tone. Kondakta akaja. "Mama, hiyo harufu. Abiria wanalalamika." Mbele yangu kulikuwa na dada mwenye gauni jeupe anakwenda kwenye harusi. Nikamhurumia. Nikang'oa jani, nikatoa kifuniko mkobani, nikakaza. Nikakaza tena. Nikajipongeza.

Mimi! Mimi ninayekanda unga tangu usichana! Ninayejua kwamba kitu chenye chachu ukikifungia kwenye joto kinatafuta njia ya kutoka!

Tulikuwa tumepita Lusahunga, msitu kushoto na kulia, jua linawaka bati la basi. Kulikuwa na wazee waliokumbuka jinsi barabara ile ilivyokuwa zamani, majambazi walipokuwa wanateka mabasi na magari yakisindikizwa na askari. Basi likaingia kwenye shimo, na dumu likasema *PAAA!*

Jamani, basi zima lilikuwa chini ya viti. Dereva akakanyaga breki. Mzee mmoja nyuma akapiga kelele, "Msiangalie nyuso zao! Toeni vitu!" Watu wakaanza kutoa simu na kuzirusha kwenye njia ya katikati. Mwanamke mmoja alikuwa anasali kwa lugha mbili. Kisha ikaanza kudondoka kutoka kwenye dari, tone, tone, na dada wa harusi akainua kichwa, gauni limekuwa rangi ya chai ya maziwa, akalamba mdomo.

"Hii si damu," alisema. "Hii ni pombe."

Kicheko kilichofuata, hata dereva alishuka akacheka nje. Wengine walinisamehe kwa sababu ya kicheko, wengine kwa sababu walilamba. Dada wa harusi nilimvua nguo nikamvika kitenge changu kizuri, akakipenda kuliko gauni.

Deo hakucheka. Aliliinua dumu lililopasuka ubavuni, akalitikisa karibu na sikio. Chini kabisa kulisikika kitu kizito kidogo. Alilikumbatia mapajani, hakunifokea. Heri angenifokea.

Biharamulo

Tulishuka Biharamulo badala ya kuendelea. Deo alisema hawezi kwenda Kaboya mikono mitupu, na hawezi kumrudia mama kumwambia. Tulifikia kwenye nyumba ya wageni ya Bi Mwanaidi, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani kufanya biashara. Alituona nyuso, akanusa nguo, akasema kwa upole, "Wanangu, pombe haiingii humu. Nyinyi ingieni, dumu libaki." Kisha akatuletea wali wa nazi. Wali wa nazi Biharamulo! Nilikula huku nalia.

Nilimwambia Deo, "Tununue nyingine. Sokoni ipo."

"Ya nani?"

"Pombe ya ndizi ni pombe ya ndizi."

"Mama yake Neema," akasema, na anaponiita hivyo kwa sauti ile najua kaumia, "mkate wa dukani na wako ni sawa?"

Hapo ndipo nilipopata akili. Mnajua ninavyofanya mimi na marehemu mama yangu alivyofanya: hatumalizi unga wote uliochacha. Tunabakiza donge, tunaliweka, kesho linaumua unga mpya. Wateja wanasema mkate wangu una ladha ileile siku zote, na sababu ni hiyo. Niliinuka na wali mkononi, nikatoka kwenda kulitazama dumu pale ukutani. Mashapo yalikuwapo, mazito, yanatoa povu dogo. Yalikuwa hai.

Bi Mwanaidi, ambaye hajawahi kuigusa pombe, ndiye aliyejua nani anaipika vizuri. Alituelekeza kwa Mama Anastazia, Msubi wa makamo, mpana, mkali, mikono imekoza rangi ya maganda ya ndizi. Tulimkuta anachuja maji ya ndizi ya siku hiyo. Kule wanaiita rubisi. Nikamweleza shida yangu yote, na basi, na gauni.

"Rakini mama," akasema, "mimi nina pombe tayari. Kwa nini mteseke?"

"Tunataka hii iwe mama wa nyingine," nikamwonyesha dumu. "Tupe maji yako ya ndizi, tutie mashapo haya. Usitie chachu yako."

"Isipochacha je?"

"Itachacha."

"Wewe umeshapika pombe?"

"Mimi naoka mikate."

Aliniangalia kama niliyemwambia naendesha ndege. Akamgeukia Deo. "Na wewe, unaionaje?"

Deo akamweleza habari ya baba yake na mrija. Mama Anastazia akasikiliza, akafuta mikono kwenye kanga. Akasema kaka yake naye alikwenda vita ile, akarudi, akafa kitandani kwake akiwa ameshiba wajukuu. "Haya. Mulete."

Tuligawana kazi. Yeye akamimina maji ya ndizi kwenye mtungi mdogo, mimi nikakwangua dumu kwa kijiko hadi nikakwangua plastiki. Akatia unga wa mtama, tukafunika kwa jani, akasema tukarare, hakuna cha kutazama.

Asubuhi nilikwenda. Kimya, maji matamu tu, hata povu hakuna. Mama Anastazia akanyanyua mabega. Nikarudi kwa Bi Mwanaidi, akaniuliza, "Imeumuka?" Nikatikisa kichwa. Mchana nikaenda tena, akaniuliza tena, "Imeumuka?" Deo alikuwa amekaa barazani anauzungusha ule mrija vidoleni. Likizo yake ilikuwa inaisha, na sote tulijua kwamba hakuna kibuyu kingine kitakachopikwa Kanazi.

Jioni Mama Anastazia mwenyewe ndiye aliyekuja, anahema. "Mama wa mikate," akaniita kutoka barabarani, "njoo uone!" Tulimkimbilia. Jani lilikuwa limeinuka, na chini yake povu limejaa linacheka. Nilimkumbatia yule mama mpana tukazunguka uani kwake kama wasichana. Deo aliinama akanusa. Akanusa tena. "Ni ya nyumbani," akasema.

Bi Mwanaidi akasema, "Alhamdulillahi." Halafu akashika mdomo.

Kaboya

Safari hii dumu jipya lilizibwa kwa jani, na mimi nikalishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Kifuniko Mama Anastazia alikitupa mbele ya macho yangu. Abiria waliolalamika harufu niliwaambia wasogee.

Tulifika Kaboya asubuhi tulivu, mawingu mepesi. Askari mmoja wa makamo alitupokea, akatuongoza. Sitawaelezea sana pale. Ni makaburi mengi, safi, yamepangwa safu kama watu walioambiwa wasimame wakasimama hadi leo. Nilikuwa nimejiandaa kumtazama Deo, lakini nikajikuta nawatazama wao, nikawaza kila mmoja alikuwa na mtu aliyebaki anapika kitu.

Askari aliuliza dumu lina nini. Deo akamwambia yote, kwa kifupi, bila aibu. Yule askari akavua kofia yake, akasogea mbali, akatugeuzia mgongo.

Deo alipiga magoti kaburini. Alisema, "Baba, mimi ni Deo. Nimechelewa." Akamwaga ya kwanza ardhini, upande wa kichwa, akasubiri. Alisubiri kama mtu anayesubiri mwenzake avute mrija amalize. Kisha akautia ule mrija ndani ya dumu, akanywa.

Uso ulimkunjamana. "Chungu!" akasema, akacheka. "Kumbe ni chungu!" Na kile kicheko kikageuka kikawa kilio, kile cha mtoto, cha mabega. Aliyeogopa kwamba hatajisikia chochote nilimshika kiuno nikidhani ataanguka. Baadaye alifuta uso, akanywa tena, akanipa mrija. Nami mwanakwaya nikanywa. Sasa mnajua, mkamwambie mwalimu wa kwaya.

Kurudi Kanazi

Njiani Deo alinisihi, "Tusimwambie mama habari ya basi. Tumwambie tulifika, basi." Nikakubali. Lakini mama alipokuja kutupokea, amemshika Deo mashavu, anamtazama kwa yale macho yake yanayofifia na kumuuliza, "Mmekunywa?", nilishindwa. Nikapiga magoti nikasema yote, Deo anatafsiri shingo upande: kifuniko, mlipuko, gauni, kila kitu kimemwagika.

Mama akauliza swali moja, na Deo akanitafsiria kwa mshangao.

"Anauliza, mashapo ulifanyaje? Uliyamwaga?"

"Hapana, mama. Niliyabakiza. Nikayatia kwenye maji ya ndizi ya mama mmoja, yakaanzisha nyingine. Ndiyo tuliyopeleka."

Deo alipomaliza kutafsiri, mama alinishika mikono yote miwili. Alianza kusema, na safari hii Deo hakufupisha.

Alisema siku Petro alipoondoka, wanaume wa ukoo walikuja kumuaga, na Petro mwenyewe ndiye aliyepika pombe. Walikunywa wakabakiza kidogo chini ya kibuyu. Alimwambia mkewe, nikirudi tutamalizia. Mama hakukiosha kile kibuyu. Alipopika tena, alimimina juu ya yale mashapo ya Petro. Akapika tena juu ya hayo. Tangu vita mpaka leo hajakiosha, na kila pombe aliyopika ilizaliwa na iliyotangulia. Alikuwa anamtunzia Deo. Hakumwambia mtu, kwa sababu wangemcheka kwamba anahifadhi uchafu.

"Baba yako ameonja kwanza," alimwambia Deo. "Ulichokunywa ni chake."

Deo alikaa chini, palepale mlangoni.

Mama aliingia jikoni, akapapasa kona, akatoka na kile kibuyu cheusi. Akaniwekea mapajani. Akanitazama, na kwa Kiswahili chake cha sokoni akasema, "Mukazana. Chako. Usioshe."

Kiko jikoni kwangu sasa, karibu na karai la unga. Deo anatafuta ndizi za kukamua, na Neema akirudi kutoka chuoni tutamkaribisha. Mama amesema kwa ukoo wao mrija ni wa wavulana, lakini kibuyu ni changu. Nanyi mkija kunisaidia vyombo kama mnavyopenda, hasa wewe Mama Juma, sugueni masufuria yote mpaka yang'ae. Kile cheusi mkiache.